Vinywa Kumi, Shahidi Mmoja



Nimechokozwa, wala sioni haya kukiri, na rai iliyoenea miongoni mwa wasomi wenzangu, kwamba makala ya kamusi elezo ya mtandaoni husadikika kwa kadiri ya wingi wa tanbihi zilizopangwa chini yake. Wenye rai hiyo hunikumbusha uchunguzi wa jarida la Nature wa Desemba 2005, uliopima makala 42 za sayansi ukaona makosa yapata manne kwa kila makala ya Wikipedia na yapata matatu kwa kila makala ya Britannica. Naupokea, ingawa Britannica waliupinga; lakini hesabu ya namna hiyo hailipi kosa la msingi uzito wake, na kosa la msingi ndilo lililonisimamisha hapa.

Kosa lenyewe ni hili: husemwa kwamba hifadhidata za uhusiano zimeitwa hivyo kwa sababu majedwali yake yanahusiana, hili likishikana na lile kwa funguo. Nimelikuta neno hili mtandaoni na katika vitabu vya kufundishia, na kila nilipolikanusha nimeulizwa: je, vitabu vyote hivi vimekosea? Naam, vimekosea, na wingi wake si hoja. Zamani za misafara, habari za Ujiji zilipofika Unyanyembe kwa vinywa vya wapagazi, tajiri mwenye busara asingehesabu vinywa. Angeuliza kwanza iwapo wasemaji wametoka kafila moja, kwani wapagazi kumi waliolala kambi moja na kulisikia neno kwa kirangozi mmoja ni shahidi mmoja. Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliyajua haya karne nyingi kabla yetu, ndiyo maana waliichambua isnadi mtu kwa mtu, hata wamfikie aliyesikia kwa masikio yake.

Tuifuate basi isnadi ya neno letu. Yatufikisha kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, na makala yake ya Juni 1970 katika Communications of the ACM: kurasa kumi na moja tu, ambazo nimezirudia kuliko kitabu chochote cha fani hii, na uwazi wake haujaacha kunistaajabisha. Humo Codd abainisha kwamba neno “uhusiano” analitumia kwa maana ya hisabati: uhusiano ni seti ya mistari, kila mstari ukichukua thamani moja kutoka kila seti ya asili, hakuna mistari miwili iliyo sawa, wala utangulizi wa mmoja mbele ya mwingine hauna maana. Mfano wake ni jedwali moja la msambazaji, kipuri, mradi na idadi, lisilofungwa na jingine lolote, nalo ni uhusiano kamili. Insafu yanilazimu kutaja kwamba ufunguo wa kigeni nao umo katika kurasa hizo, na kwamba Codd alipendekeza pia neno la jirani kwa uhusiano ambao safu zake hazitegemei mpangilio. Mpinzani aweza kuyashika yote mawili, lakini hakuna hata moja lililolipa somo jina lake.

Kanuni ya Wikipedia hupendelea vyanzo vya upili kuliko vya asili, na ina hekima yake, maana humzuia mtu kuzua. Hata hivyo nashikilia kwamba makala ya Kiswahili juu ya somo hili iandikwe kutoka kurasa zile kumi na moja, kwa kuwa seti haiongezeki kwa kurudiwa mwanachama wake, na tanbihi kumi zilizonakiliana ni mstari mmoja ulioandikwa mara kumi.

Nilipokuwa mtoto hapa Ziba, baba yangu alinikabidhi kazi ya kumsomea daftari la pamba. Msimu mmoja karani alikuwa ameuandika mzigo wetu mara mbili, na jirani akatushauri tudai malipo ya yote, kwa kuwa yote yameandikwa. Baba hakuniuliza uzito wala tarehe, kwani mizigo miwili yaweza kulingana kwa hayo. Aliniuliza namba ya stakabadhi. Nilipomsomea namba ile ile mara ya pili, akaichukua kalamu, akaukata mstari wa chini, kisha akaniambia nijumlishe upya.