Kidole Gumba Mbele ya Mahakama: Mada Juu ya Sheria ya Illinois ya Mwaka 2008



Nimeombwa niseme katika semina hii mintarafu ya sheria za teknolojia, faragha ya watu na ustawi wa uchumi, na kwa kuwa jambo hili ni pana kuliko saa niliyopewa, nimeona afadhali nitie nanga katika bandari moja tu, nayo ni jimbo la Illinois, nchini Marekani, ambalo mwezi wa Oktoba 2008 lilitunga sheria fupi ya kuhifadhi alama za mwili wa mwanadamu: vidole, macho, sauti, na umbo la uso na la kiganja. Marekani haina hata leo sheria moja ya taifa zima inayolinda faragha ya taarifa za kila raia katika kila biashara. Kila jimbo hujitafutia dawa yake, na dawa ya Illinois ndiyo iliyowatoa jasho wafanyabiashara kuliko zote.

Asili yake ni mambo ya dukani. Miaka ile kampuni kubwa ziliichagua Chicago iwe uwanja wa kujaribia malipo ya kidole, katika maduka ya vyakula, vituo vya mafuta na mikahawa ya shule: mnunuzi hugusa kioo, na hesabu yake ya benki ikakatwa. Mwishoni mwa mwaka 2007 mojawapo ya kampuni hizo, Pay By Touch, ikafilisika. Basi mali ya muflisi, kama ijulikanavyo, huuzwa ili wadai wapate chao, na alipokuja mtu kuhesabu kilichomo ghalani pakazuka swali ambalo halikuwa limewahi kuulizwa: je, na vidole vya wateja navyo vitapigwa mnada? Aliyeibiwa ufunguo hubadili kufuli, na aliyeibiwa nambari ya siri huomba nyingine. Seuze aliyeibiwa kidole, ataomba kingine wapi? Hoja hiyo, kwa maneno makavu zaidi, imo katika utangulizi wa sheria yenyewe.

Masharti yake si mengi. Atakaye kuchukua alama ya mtu sharti amwarifu kwa maandishi sababu na muda wa kuihifadhi, apate ridhaa yake iliyoandikwa, asiiuze, na aiteketeze haja ikiisha, au kabla ya kupita miaka 3 tangu mara ya mwisho aliposhughulika naye. Maneno ya namna hiyo yamo katika sheria nyingi, na aghalabu hukaa humo yakipigwa vumbi. Tofauti ya Illinois ni kifungu kimoja kinachompa mtu binafsi haki ya kwenda mahakamani yeye mwenyewe, bila ya kungoja ofisi yoyote imhurumie, na kumpimia fidia: dola 1,000 kwa kila uvunjaji uliofanywa kwa uzembe, na dola 5,000 kwa ule uliofanywa kwa makusudi au kwa kutojali. Kwa maoni yangu sheria nzima imo humo. Kilichobaki ni maelezo.

Mwaka 2014 kijana wa miaka 14 alikwenda na wenzake wa shule katika bustani ya michezo ya Six Flags, huko Gurnee, kaskazini ya Chicago, akachukuliwa alama ya kidole gumba ili apate kiingilio cha msimu. Aliporudi nyumbani mama yake akamtaka karatasi alizopewa. Kijana akajibu kwamba hakupewa karatasi yoyote, mambo yote siku hizi ni kidole. Mama akashitaki. Mawakili wa bustani wakauliza, kwa sauti ya watu wenye hakika, kijana amepata hasara gani: ameibiwa nini, ameumia wapi? Tarehe 25 Januari 2019 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo ikajibu kwamba aliyenyimwa haki aliyopewa na sheria hii amekwisha dhulumiwa, wala halazimiki kuonyesha jeraha jingine juu yake.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka na mafuriko yakaingia. Facebook ililipa dola milioni 650 kwa kuzitambua nyuso za watu katika picha, na fedha hizo zikagawiwa watumiaji wa Illinois wenyewe waliodai. Mwezi wa Februari 2023, katika shauri la White Castle, wauza baga, ambao wafanyakazi wao walitia kidole ili kufungua kompyuta na kuona hati za mishahara, majaji wa Mahakama hiyo hiyo, 4 dhidi ya 3, waliamua kwamba kila mguso ni kosa jipya. Kampuni ilipiga hesabu ya wafanyakazi wake 9,500, ikaona deni laweza kupita dola bilioni 17. Majaji waliolitoa neno hilo waliukiri uzito wake, wakalirudisha suala kwa watunga sheria.

Wenye biashara walikuwa wamelalamika zamani, na si malalamiko yote yalikuwa ya bure. Sony haikuwauzia watu wa Illinois mbwa wake wa mashine aitwaye Aibo, kwa kuwa humtambua bwana wake kwa uso; nami nakiri kwamba hasara hiyo ya maendeleo sijaweza kuilia. Lakini dola bilioni 17 juu ya mkahawa ni jambo jingine, na Agosti 2024 jimbo likairekebisha sheria: mtu mmoja, kampuni moja, fidia moja, hata akitia kidole mara elfu. Tazameni walichopunguza na walichokiacha. Bei ilishuka, mlango wa mahakama haukufungwa. Texas, iliyo na sheria ya namna hii tangu 2009, ilimwachia mwanasheria wake mkuu peke yake haki ya kushitaki, na Meta, kampuni mama ya Facebook, ilipokubali kulipa dola bilioni 1.4 mwaka 2024, fedha zilikwenda kwa jimbo, si kwa wenye nyuso.

Illinois ina kasoro yake: sheria haiwagusi wakala wa serikali wala mabenki. Kwetu kasoro hiyo ingekuwa shimo, maana anayekusanya vidole vingi kuliko wote ni serikali yenyewe. Sisi tuliosimama foleni Tanzania mwaka 2019 na 2020 kusajili laini za simu tunakumbuka: nambari ya kitambulisho cha taifa, kisha kidole juu ya kijimashine, na wazee waliolima maisha yao yote wakisuguliwa gumba kwa kitambaa chenye maji kwa sababu mistari imefutika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Vidole vilitangulia, sheria ikafuata. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2019, kifungu cha 65, humfidia aliyepata madhara, na katika madhara hukiingiza hata kihoro cha moyo. Hiyo ni hatua njema, lakini bado mdai ndiye wa kuyathibitisha madhara hayo, mzigo ambao yule mama wa Illinois alituliwa.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, tutakapokaa mchana kupitia vifungu, tusianze na tafsiri za maneno kama ilivyo desturi yetu. Tuanze na kifungu cha fidia.