Mrija Katika Kompyuta za Kukodi



Tangu mwaka 2006 kampuni ya Amazon ya Marekani imekuwa ikikodisha nguvu za kompyuta zake kwa malipo ya muda. Mpango huu huiwezesha kampuni changa ya programu za usafirishaji wa vifurushi kuanza kazi pasipo mtaji wa kununua mitambo.

Hata hivyo, mtambo usiozimwa hutozwa kodi hata ukilala. Juma lina saa 168. Mtambo wa majaribio utumiwao saa 50 ukiachwa ukiwaka juma zima, saa 118 hulipiwa bure. Huo ni mrija! Kabla ya kuachisha watu kazi, viongozi waukate: kila mtambo uwe na mwenye dhamana; wa majaribio uzimwe jioni; ile ya kupokea maagizo iongezwe au ipunguzwe kwa kadiri ya kazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.