Mgawo wa Fedha za Bahati Nasibu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumetakiwa tuseme juu ya bahati nasibu ya taifa ya Uingereza, na namna pato lake linavyogawiwa mashirika ya hisani na watu wa mitaa. Hatukuja kuihalalisha kamari. Hukumu yake twaijua tangu chuoni. Tumekuja kuutazama mgawo, kwani fedha za watu zikishakusanywa huwa amana, na amana haina budi kuulizwa.

Bahati nasibu hiyo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mchezo wa kwanza ukachezwa Novemba 1994. Katika kila pauni, yaani peni 100, kiasi cha peni 50 zilirudi kwa washindi, 28 zikatengwa kwa mambo ya kheri, 12 zikachukuliwa na Serikali kuwa kodi, na zilizobaki wakagawana wenye maduka na kampuni iliyouendesha mchezo. Zile 28 zikakatwa mafungu matano sawasawa: sanaa, michezo, turathi, mashirika ya hisani, na maadhimisho ya mwaka 2000. Leo fungu la afya, elimu, mazingira na hisani ni asilimia 40. Na sanaa, michezo na turathi kila moja hupata asilimia 20.

Kwa hisabu ya karatasi huo ni mgawo mwema. Lakini sisi tunaopima sukari dukani twajua kuwa mizani yaweza kuwa sahihi na mkono unaoishika usiwe sahihi.

Mwaka 1995, zaidi ya pauni milioni 12 zilitolewa kuzinunua karatasi za Winston Churchill, zilizokuwa chini ya wakfu wa ukoo wake. Mwaka huo huo jumba la opera la London likakubaliwa zaidi ya pauni milioni 50. Watu wengi wakanung'unika, na haki yao. Kwani tikiti hununuliwa pia na fukara, naye peni yake humuuma kuliko pauni ya tajiri.

Kwa nini ikawa hivyo? Ni kwa sababu fedha zilikwenda kwa aliyeomba. Jumba kubwa lina makarani na wanasheria wa kuandika maombi, na lina wafadhili wa kuongezea fungu lake. Kijiji cha wachimba makaa ya mawe, ambacho mgodi wake umefungwa, hakina hata kimoja katika hivyo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Sheria ya mwaka 1998 ikawaruhusu wagawaji wasingoje tu kuombwa, bali wawaendee wenye haja na kuwaalika waombe. Vikundi vidogo navyo vikafunguliwa mlango mwepesi wa kuomba fedha kidogo. Hayo yalikuja baada ya watu kusema. Lau wangalinyamaza, yasingalikuja.

Tena iko khatari ya pili. Ahadi ya asili ilikuwa fedha hizi ziongezee wajibu wa Serikali, zisishike mahali pake. Lakini ilipokaribia michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012, Serikali ilichota katika mfuko huo zaidi ya pauni bilioni 2, na katika hizo milioni 425 zilitoka katika fungu la hisani na mitaa. Mashirika yakapiga kelele, yakidai zirudishwe.

Basi ndugu zetu, funzo ni hili. Mtu akitujia na jina tamu la mchango, tusiridhike kuambiwa ni wa kheri. Tumwulize mambo matatu: nani anatoa, nani anagawa, na yule asiyejua kuandika barua ya kuomba atafikiwa vipi?

Na masuala hayo yaanze humu ndani. Sanduku lile lililoko mlangoni hujazwa na wachukuzi, wavuvi na mama wauza vitumbua. Twaomba hisabu yake isomwe kwa sauti kila mwezi, tangu senti ya kwanza hata ya mwisho, mbele ya wale wale walioitia. Tusipoweza kujihukumu sisi kwa sanduku moja, tutamhukumu nani kwa hazina ya nchi?