Huduma ni ya Wote, Lakini Inamfikia Nani?

(Maneno ya mfanyakazi wa jamii kwa viongozi wa bloku, Mantapala)



Wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2017 tukitoka upande wa Pweto na Moba, tukapokelewa Kenani. Januari 2018 Mantapala ikafunguliwa. Shabaha ilikuwa mkimbizi na mwenyeji watumie shule moja na zahanati moja. Ni jambo jema. Lakini kutumia kitu kimoja si kupata sawa.

Natoa mfano wa kwetu. Siku moja gari lilipita na kipaza sauti kutangaza chanjo ya watoto, kwa Kibemba na Kiingereza. Shangazi yangu anasikia Kiswahili na Kiluba tu. Alidhani ni mkutano. Mtoto wake akakosa chanjo. Hakuna aliyemkataza kwenda, lakini aliachwa nje.

Kwa hiyo huduma ikiletwa, iwe ya baraza la wilaya au ya shirika, tusihesabu waliofika tu. Tuulize:

1. Nani hakufika? Kipofu, mlemavu, mzee, mjane mwenye watoto wadogo?

2. Kwa sababu gani? Ni umbali, lugha, pesa, saa mbaya au hofu?

3. Nani aliulizwa kabla ya kuamua?

4. Na mwenyeji je? Kijiji jirani kikiona pampu yetu mpya na yao imekufa, ugomvi hauko mbali.

Sheria ya Zambia ya mwaka 2019 iliweka kamati za maendeleo za kata, ili mahitaji ya watu yafike barazani. Mwaka 2022 fedha za maendeleo za kila jimbo zilipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7. Sisi hatupigi kura. Lakini watoto wetu na wa wenyeji wanakaa darasa moja. Tukiomba darasa, tuombe pamoja nao, tena kwa hesabu, si kwa malalamiko.

Ombi langu: wiki hii kila kiongozi apite nyumba kwa nyumba katika bloku yake. Aandike nani anashindwa kufika kwenye maji na zahanati, na sababu yake. Asianze kwa ndugu zake, wala asiruke nyumba kwa ajili ya kabila. Ugomvi wa kule tuliukimbia; tusiulete kwenye foleni ya maji.