Jina la Babu Kwenye Karatasi ya Zamani

(Muziki wa kipindi unapungua.)

Leo naongea hasa na sisi tuliotoka Kongo, juu ya karatasi za ukoo.

Wengi wetu tulikimbia bila karatasi hata moja. Siku ya mahojiano unaulizwa: babu yako aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Huenda jibu bado liko kwenye kitabu fulani huko nyumbani. Lakini liliandikwa kwa namna ya wakati ule, na lazima ulitafute kwa namna hiyo.

Kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, Wabelgiji waliandika watu kwa ajili ya kodi na kazi. Walimtaka kwanza mwanaume mtu mzima, chini ya chifu wake. Kwa hiyo ukimtafuta bibi, anza na jina la mumewe au baba yake, pamoja na jina la chifu. Misheni nazo zilikuwa na vitabu vyao. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki huonyesha tarehe, wazazi na msimamizi, na mara nyingi ndoa huongezwa pembeni.

Angalia sasa majina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Aliyebatizwa Pierre akaandikwa upya kwa jina la kiasili. Ni mtu yule yule. Miji nayo ilibadilika: Kalemie iliitwa Albertville, Bukavu iliitwa Costermansville. Ukiulizia karatasi ya zamani kwa jina la leo, unaweza kuambiwa haipo.

Basi, jioni ya leo chukua daftari ukae na mzee wako. Muulize majina yote ya kila mtu, kijiji, chifu na parokia. Kama hajui mwaka, muulize: ilikuwa kabla ya uhuru au baada yake? Nani alikuwa amezaliwa tayari? Andika anavyosema, usimsahihishe.

Karatasi ya ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Kwa sheria ya Kongo mtoto huandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama. Hata hivyo ubatizo ni ushahidi unaosaidia. Ukiipata karatasi hiyo, toa nakala, yenyewe ibaki kwako. Usimlipe mtu anayeahidi kukutengenezea nyingine.

Na usifiche jina la pili kwa hofu. Kama majina au tarehe hazilingani, eleza sababu waziwazi. Kuwa na majina mawili si uongo. Kuficha moja ndiko kunakoleta mashaka.

Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1960 wamebaki wachache kati yetu. Waulizeni wakiwa bado wanatusimulia. Tukutane kipindi kijacho. Kwaherini.

(Muziki.)