Stelingi Alipokufa: Wakanda Forever Machoni pa Watu wa Ziwa



Aliyekulia kwenye mabanda ya video hahitaji shahada kuijua sheria ya kwanza ya filamu: stelingi, yaani shujaa wake, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, ataanguka kutoka ghorofani, lakini mwisho wa mkanda yeye ndiye amesimama. Watafsiri wetu wa mikanda, Lufufu akiwa miongoni mwa waliotangulia, waliijua sheria hiyo kuliko sisi sote. Wakipandisha sauti tu, banda zima linajua zamu ya adui imefika.

Wakanda Forever, sehemu ya pili ya Black Panther iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutoka Novemba 2022, imeivunja sheria hiyo kwa kulazimika. Chadwick Boseman, aliyecheza Mfalme T'Challa wa Wakanda katika sehemu ya kwanza, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Waandaaji wakakataa kumpa mtu mwingine nafasi yake. Basi filamu inafunguka na msiba.

Na msiba huo wameutendea haki. Mfalme hatumwoni akikata roho. Tunamwona dada yake, Shuri, akihangaika maabara kutafuta dawa, mpaka mama yao, Malkia Ramonda, anapoingia kumpa taarifa. Kisha mji mzima umevaa nyeupe, ngoma zinalia, watu wanacheza wakilisindikiza jeneza. Mtu wa kwetu, anayejua kwamba msibani kilio na ngoma hukaa ua mmoja, hahitaji mtafsiri hapo. Ruth E. Carter alipata tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu hii, na nguo nyeupe za mazishi yale zingetosha kumpa.

Yanayofuata ndiyo yanayonisumbua. Namor, mtawala wa ufalme wa Talokan ulio chini ya bahari, anaishambulia Wakanda kwa maji. Ukumbi wa kiti cha enzi unafurika. Ramonda, aliyechezwa na Angela Bassett kwa uzito mkubwa, anamwokoa msichana mmoja, Riri, yeye mwenyewe anakufa maji. Hazipiti dakika nyingi, tumeshahamia kwenye maandalizi ya vita. Filamu ina saa 2 na dakika 41, lakini kifo hicho kimepewa nafasi finyu.

Mwanza hatuwezi kukitazama kifo cha maji kwa haraka hiyo. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ikitokea Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari yetu. Kwa muda ilielea chini juu, watu wakiwa hai ndani. Waokoaji wakaitoboa ili wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikazama. Walikufa mamia, na wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Mungu awarehemu. Anayekumbuka saa zile, watu wamesimama juu ya chuma, wenzao chini ya nyayo zao, ataona kwamba mafuriko ya Namor, pamoja na fedha zote zilizomwagwa, hayajaufikia uchungu huo.

Hata hivyo Coogler ana somo kwetu. Watu wake wa Talokan hakuwatoa hewani. Amewapa asili ya Yucatán ya karne ya 16, wahenga wao wakikimbia ndui na Wahispania, na ndiyo maana hasira ya Namor tunaielewa hata tunapomchukia. Wakanda yenyewe, kwa maoni yangu, imebaki nyuma hapo: mhusika Nakia ni mtu wa Kabila la Mto, lakini mto wenyewe hatuelezwi habari zake. Mwigizaji wake, Lupita Nyong'o, ni binti wa Gavana Anyang' Nyong'o wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili, na ndiye anayezamia mpaka mapango ya Talokan kumtoa Shuri anayeshikiliwa huko. Nilipomwona akizama niliona fahari, kisha nikajiuliza: maji yetu yana Mugasa, bwana wa ziwa kwa Wahaya, anayeitwa Mukasa kwa Baganda, tena yana historia ya juzi tu ambayo mashahidi wake wangali hai. Kwa nini tungoje studio za Marekani zitutungie?

Wanafunzi wa habari na filamu, ombi langu ni kwenu. Walionusurika MV Bukoba wapo hapa mjini, wapo Bukoba na Kemondo, na wanazeeka. Waendeeni. Ombeni ruhusa kwanza, kaeni nao bila kuwaharakisha, wanyamazieni wakilia, rekodini. Mkishapata sauti zao, njooni tuandike filamu. Mlango wa ofisi yangu uko wazi kuanzia kesho asubuhi.