Tahadhari kabla ya mteremko: kukokota trela na kulala salama milimani



Majira ya joto yanapowadia katika nchi za kaskazini, shule hufungwa na familia nyingi hufunga safari kuelekea milimani. Baadhi hubeba mahema. Wengine hukokota nyuma ya gari trela lenye vitanda, jiko na choo, ambalo nchini Uingereza huitwa karavani. Miongoni mwa wasafiri hao wamo pia ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo walioweka makazi ughaibuni. Mara nyingi wao hukodi trela kwa siku chache tu, hulifunga nyuma ya gari la familia asubuhi, na kuondoka baada ya maelezo ya dakika chache.

Leo basi tulitazame jambo hili, na mfano wetu mkuu utakuwa Milima ya Rocky katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Hoja yangu ni moja: milimani, kinachomwokoa mtu ni kile alichokifanya kabla hatari haijaonekana. Hatari ikishadhihirika, mara nyingi muda wa kuchagua umekwisha.

Tuanze nyumbani, kabla ya injini kuwashwa. Kila gari limewekewa na kiwanda kikomo cha uzito linaoweza kuvuta, na kikomo cha uzito wa gari na trela kwa pamoja. Vikomo hivyo vimo katika kitabu cha gari. Wengi hutazama uzito wa trela likiwa tupu, wakasahau kwamba lita 150 za maji ni kilo 150, na kwamba mitungi ya gesi, chakula na baiskeli za watoto navyo vina uzito. Dawa yake ni mizani. Nchini Marekani vituo vingi vikubwa vya mafuta vinavyohudumia malori vina mizani, na kwa malipo madogo dereva huujua ukweli.

Pamoja na uzito kuna mpangilio. Mafundi wa Marekani hushauri kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela ilalie kiungo kinachoshikana na gari; katika karavani za Ulaya kiwango huwa chini ya hapo, na kila mtu afuate maelezo ya aliyelitengeneza trela lake. Vitu vizito vipangwe chini, karibu na magurudumu ya trela. Vikirundikwa nyuma kabisa, pua ya trela hunyanyuka, na mwendo ukizidi, trela huanza kuyumba huku na huku kama mkia wa samaki. Likianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asiongeze mafuta. Aondoe mguu taratibu, ashike usukani sawasawa, na kama gari lina kifaa cha kuendeshea breki za trela kwa mkono, akitumie hicho peke yake. Trela likivutwa nyuma kwa breki zake lenyewe hunyooka.

Uingereza, tangu mwezi Desemba mwaka 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari huruhusiwa kukokota trela la hadi kilo 3,500 bila ya mtihani wa ziada. Lakini msikilizaji, ruhusa ya sheria ni kitu kimoja na ujuzi ni kitu kingine. Saa moja ya mazoezi katika uwanja mtupu, kurudi nyuma na kukata kona, ina thamani kubwa kuliko kibali chochote.

Sasa tupande mlima. Barabara kuu nambari 70 inayotoka Denver kuelekea magharibi hupenya mlima kwa njia ya chini kwa chini iitwayo Eisenhower, iliyofunguliwa mwaka 1973, iliyo karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa huwa imepoteza takriban theluthi ya nguvu zake. Dereva asishangae gari likipanda polepole. Akae upande wa magari ya mwendo mdogo na aitazame mishale ya joto la injini. Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoua.

Ukitoka upande wa pili wa njia hiyo, barabara huteremka kuelekea mji wa Silverthorne kwa mwinamo unaofikia asilimia 7, yaani kila mita 100 unazokwenda umeshuka mita 7. Tufanye hesabu ndogo. Chukua gari na trela vyenye uzito wa kilo 5,000 kwa pamoja, vikishuka mwinamo wa namna hiyo kwa kilomita 10. Vitakuwa vimeshuka mita 700. Nguvu inayotolewa na uzito huo ukishuka kimo hicho inatosha kuchemsha lita 100 za maji baridi. Sehemu yake humezwa na upepo na matairi. Iliyobaki ni lazima iende mahali, na kama dereva anategemea breki peke yake, itaingia yote katika vyuma vichache vilivyo ndani ya magurudumu.

Vyuma hivyo vikipata moto kupita kiasi, hushika kidogo sana. Aidha, mafuta ya breki hufyonza unyevu mwaka hadi mwaka. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na dereva akikanyaga, pedali huzama mpaka chini huku gari likiendelea kukimbia. Ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa kwa wakati wake, na breki za trela hujaribiwa kabla ya safari.

Njia iliyo salama inajulikana na kila dereva wa lori aliyezeeka kazini. Gia ndogo huingizwa juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, ili injini ndiyo ilishikilie gari. Mwendo ukizidi ule uliokusudiwa, breki hukanyagwa kwa uthabiti mpaka upungue kwa kilomita 10 hivi kwa saa, kisha huachiwa ipoe. Mguu haukai juu ya breki muda wote. Wasikilizaji wetu wa Kenya wanaikumbuka sifa mbaya ya Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako madereva wa malori walilaumiwa kwa kuliacha gari liserereke bila gia ili kuokoa mafuta. Mafuta yaliyookolewa yalikuwa machache. Roho zilizopotea zilikuwa nyingi.

Katika miteremko ya Colorado, kando ya barabara, utaona njia za dharura zilizojazwa kokoto. Gari lililoshindwa breki huingizwa humo, likazama na kusimama. Njia hizo si za malori tu. Ni zako pia. Tarehe 25 Aprili mwaka 2019, katika barabara hiyo hiyo ya 70, karibu na Denver, lori lililopoteza breki lilipita njia ya dharura bila kuingia, likayavamia magari yaliyokuwa yamesimama kwenye msongamano. Watu 4 walifariki dunia. Gari lililozama katika kokoto litavutwa na kutengenezwa. Mtu hatengenezwi.

Tena, si kila barabara ni ya trela. Katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, magari yenye urefu wa zaidi ya futi 21 hayaruhusiwi katika sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun. Uingereza, kipito cha Hardknott huko Cumbria kina mwinamo unaofikia asilimia 33, na hakifai kabisa kwa karavani. Mashine ya kuonyesha njia iliyotengenezwa kwa ajili ya magari madogo haiyajui hayo. Ramani isomwe nyumbani.

Tuseme sasa umefika salama. Jambo la kwanza ni kufika kabla ya giza, ili uione ardhi utakayolala juu yake. Kabla ya kulifungua trela kutoka kwenye gari, tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu yake. Trela lililoachiwa kwenye mwinuko halina dereva. Gari nalo liegeshwe likielekea njia ya kutokea. Mwaka 2020 Colorado ilishuhudia moto wa msituni uliopewa jina la Cameron Peak, uliounguza zaidi ya hekta 80,000, na mwezi Oktoba mwaka huo wakazi wa mji wa kitalii wa Estes Park waliamriwa kuhama kwa sababu ya mioto iliyokuwa ikikaribia. Anayepokea amri kama hiyo usiku hana nafasi ya kujifunza kugeuza trela.

Kisha kuna baridi, na hapa nawaomba akina mama na akina baba wanisikilize kwa makini. Katika kimo cha mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Maharage yaliyozoeleka kuiva kwa saa mbili hayaivi, jua linazama, baridi inaingia, na makaa bado yanawaka. Hapo ndipo hujitokeza wazo la kuliingiza jiko ndani ili watoto wapate joto. Wazo hilo limemaliza familia nzima nzima katika nchi nyingi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asioamka. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya trela wala hema, hata likionekana limezimika. Jenereta iwe mbali, na moshi wake uelekee kwingine. Kitambuzi cha gesi kijaribiwe kabla ya kulala. Na maharage yachemshwe nyumbani.

Gesi hii ina hila nyingine: dalili zake za mwanzo, kuumwa kichwa na kichefuchefu, hufanana na za maradhi ya mwinuko. Kilele cha barabara ya Trail Ridge, katika hifadhi ya Rocky Mountain, kiko mita 3,713, karibu sawa na kituo cha Horombo kwenye mlima Kilimanjaro. Mpandaji wa Kilimanjaro hufika Horombo siku ya pili, kwa miguu. Mwenye gari kutoka Denver hufika kimo hicho kwa saa chache, na mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Inafaa kulala usiku wa kwanza chini zaidi na kunywa maji ya kutosha. Watu wote wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya trela, tokeni nje mara moja mpate hewa, na msirudi mpaka chanzo kijulikane. Mmoja akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa, ateremshwe na apelekwe kwa daktari usiku ule ule. Trela liachwe pale lilipo.

Wanyama na radi nitavitaja kwa ufupi. Dubu hufuata harufu, na dubu wa Colorado wamekwisha jifunza kufungua milango ya magari isiyotiwa ufunguo. Chakula, takataka na hata dawa ya meno vifungiwe. Ngurumo za kiangazi hupenda kuja baada ya adhuhuri, kwa hiyo matembezi ya juu, kusikoota miti, yamalizike kabla ya hapo. Radi ikianza, gari lenye paa la chuma ni kimbilio; hema si kimbilio.

Nimeyaacha maji mwisho kwa sababu ndiyo yenye kudanganya zaidi. Ukingo wa mto ni mahali pazuri pa kupiga kambi. Jumamosi tarehe 31 Julai mwaka 1976, bonde jembamba la mto Big Thompson, chini ya Estes Park, lilikuwa limejaa watu waliokuja kwa mapumziko. Kesho yake Colorado ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu kuwa jimbo. Jioni hiyo wingu la mvua lilisimama juu ya sehemu za juu za bonde na kumwaga, kwa saa chache, karibu milimita 300 za mvua. Wengi waliokuwa chini hawakuona mvua ya kuwatisha. Maji yaliwafikia gizani, na zaidi ya watu 140 walipoteza maisha. Wapo waliojaribu kukimbia kwa magari kulifuata bonde, mafuriko yakawachukua. Waliopanda ubavu wa mlima kwa miguu, hata mita chache tu, wengi wao walinusurika. Leo katika mabonde ya Colorado vipo vibao vinavyomwambia msafiri kwamba mafuriko yakija, apande juu.

Wasikilizaji wetu wa Oman hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi Aprili mwaka 2024 maji ya mabonde nchini humo yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliokuwa garini. Maji ya kina cha sentimita 60 yanaweza kulielea na kulichukua gari kubwa. Hivyo basi, kambi ipigwe juu ya alama za maji ya zamani, na kabla ya kulala, kila mmoja, mpaka mtoto mdogo, aonyeshwe njia ya kupandia.

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, nao hawakulitia neno "kabla" kwa bahati. Gia huingizwa kabla ya mteremko, kabari hutiwa kabla ya kufungua trela, na njia ya kupandia hujulikana kabla ya maji. Na pale ambapo tahadhari zote zimeshindwa, shika watu, acha mali. Trela ni la kukodi. Walio ndani yake hawakodishwi.